Programu Niliyoifuta Katika Simu ya Anchia

Quitunda, Palma

Dada yangu Somoe,

Shikamoo. Kwanza nakuuliza miguu, maana mara ya mwisho ulisema inavimba ukikaa sana kwenye meza yako ya samaki. Je, umepunguza chumvi kama ulivyoambiwa, au bado unasema chakula kisicho na chumvi ni cha wagonjwa? Na Mama, kifua chake kimetulia? Huku sote tunapumua, alhamdulillahi. Zaituni ametoa meno ya nyuma na kila siku anakuja na neno jipya la Kireno aliloliokota kwa jirani. Anchia ni mzima wa mwili. Mimi nakula na nafanya kazi, lakini hiyo sijambo yangu ni ya mdomoni tu.

Najua utashangaa kuletewa karatasi wakati wewe siku hizi ni mtu wa simu ya kugusa. Nilisikia ulivyojisifu kwamba mkwe wako amekununulia. Ningeweza kupiga, lakini tunajuana, dada. Wewe ukipigiwa unaweka spika, unaiegemeza simu kwenye kikombe, na kila aliye uani anachangia. Ninayotaka kukwambia safari hii si ya watu wa uani. Tena kuna maneno ambayo kuyaandika ni rahisi kuliko kuyatamka. Ndiyo maana nimemwomba Bi Rukia, yule mama wa vitenge anayevuka Rovuma kuja huku kuuza, akukabidhi barua hii mkononi. Isome ukiwa peke yako.

Uliniuliza, "Sele, simu yangu niitie programu gani zenye faida?" Nitakujibu, kwa sababu ndiyo kazi yangu na kwa kweli naipenda. Ila nitakujibu kama mtu aliyeungua. Kazi hiyohiyo ya kuchagua kipi kinafaa na kipi hakifai ndiyo iliyonifanya nimkosee mke wangu kosa kubwa, na katika watu wote walio hai ni wewe tu unayeweza kunisaidia kulirekebisha.

Unajua kwamba tulihamishwa kutoka kijiji cha kina Anchia kupisha kazi ya gesi, tukaletwa hapa Quitunda. Hapa nyumba ni za matofali, zimepangwa mistari, na mlango wangu na wa jirani huwezi kuutofautisha mpaka uone viatu. Pwani imekuwa mbali. Mtu aliyezoea kushona nyavu asubuhi anajikuta kibarazani na mikono mitupu, na mikono mitupu hupenda simu. Basi watu waliingia katika simu hizi kwa mkupuo mmoja, wazee kwa vijana. Nami nikaweka meza yangu karibu na soko. Nabadilisha vioo, naunga waya za chaji, lakini kazi inayoniletea watu zaidi ni ile ya kuambiwa, "Sele, niwekee zinazofaa."

Mtu asikudanganye kwamba kuna programu zinazomfaa kila mtu. Mimi namuuliza mtu kwanza, ukiamka unafanya nini? Mzee mmoja mvuvi aliniletea simu ambayo mjukuu wake amemtilia programu ya kuonyesha maji kujaa na kupwa. Nikamwuliza kama inamsaidia.

"Inanambia bamvua siku ambayo miye nshaiona kwa macho yangu," akasema. "Nikitoka nje nkauangalia mwezi, nshajua. Nitolee hiyo, nitilie ya kusikiliza mawaidha."

Nikamtolea. Lakini mwanawe anauza samaki Palma mjini, anashinda ndani ya kibanda haioni bahari mpaka jioni, na kwake programu ileile ndiyo inayomwambia saa za kwenda kuwasubiri wavuvi ufukoni. Kwa hiyo usichukue ya jirani kwa sababu jirani anaisifu. Anaisifu kwa maisha yake.

Kwako wewe, ile ya kutumiana ujumbe unayo tayari na inatosha. Najua kuandika kunakuchosha, basi tumia sauti. Ya nyakati za sala iweke, lakini hakikisha inajua uko Mtwara, maana nyingine hubaki na saa za mji zilikotoka. Tochi usipakue, simu yenyewe ina taa. Na ukiona programu ya tochi inaomba kuyaona majina ya watu wako wote na mahali ulipo, jiulize, taa inayatakia nini majina ya watu? Hilo swali liulize kwa kila programu kabla hujaikubalia kitu. Zile za kusafisha simu ndizo zinazoichafua, ni kama mgeni anayekuja kukufagilia halafu anaacha mikeka yake saba sebuleni kwako. Ya kuufanya uso kuwa mweupe pichani, mwambie binti yako Tatu ahangaike nayo yeye. Wewe una sura ya marehemu baba na hakuna mashine itakayoiweza. Ya kutafsiri Kireno mimi ndiyo jembe langu hapa, kila karatasi ya mkutano napitishia huko, lakini wewe hapo kwenye samaki huna haja nayo.

Nilikuwa pia na sheria yangu moja. Niliipigia domo pale mezani mpaka watu wakaikariri: programu ambayo hujaifungua kwa miezi miwili si yako, itoe. Simu hizi za kwetu hazina nafasi, zinajaa upesi, kwa hiyo kila asiyefanya kazi atoke nje. Nilikuwa naisema kwa majivuno na watu walicheka na kukubali. Dada, sheria hiyo usiifuate.

Miezi mitano iliyopita Anchia aliniambia simu yake inakataa kupiga picha. Zaituni alikuwa amevalishwa gauni jipya na mama yake alitaka kukutumia. Nikaichukua ile simu, nikaenda nayo mezani. Sikumwuliza lolote. Nani anamwuliza mke wake, fundi mimi? Nikakuta picha zilizojirudia, nikafuta. Nikakuta michezo ya watoto wa jirani, nikafuta. Nikakuta programu moja ya Kireno yenye alama ya bendera ndogo ya kijani, ya kupimia ardhi, haijafunguliwa zaidi ya mwaka. Nikasema hii ni mabaki ya wale waliokuja kutuhesabia miti ya fidia kabla hatujahama. Nikaitoa, haikuchukua hata pumzi moja. Nilimrudishia simu nikamwambia, "Nimeisafisha." Akanishukuru, akampiga mtoto picha, ndiyo ile unayo ya gauni la njano. Siku ile nilijiona mume mwema.

Sasa nikurudishe nyuma, ingawa huko ulikuwepo wewe zaidi yangu. Unaikumbuka mimba ya kwanza ya Anchia. Mama yake alikuwa ameshafariki, ikabidi wewe uje kutoka Mtwara kumsaidia bibi yake, Bibi Atija. Mtoto akatoka bila kulia. Mimi nilikuwa nimekaa kibarazani na wajomba wa Anchia, na Bibi Atija alitoka akasimama mlangoni, akasema, "Mungu kachukua chake. Kaeni papo hapo." Tukakaa. Kwao, mtoto asiyelia ni wa wanawake. Hao ndio wanaomwosha, wanamkunja katika kanga, wanamweka ardhini ndani ya ua wa nyumba, na mahali hapo mwanamume haonyeshwi. Bibi Atija alinieleza baadaye kwamba mwanamume akipajua atapalima kwa kusahau, au atapajengea banda, na kizazi cha mama kitafunga. Sikubishana naye. Nilikuwa mgeni kwao na nilikuwa nimechoka. Nilichokipata mimi katika mazishi ya mwanangu ni mlio wa ndoo, wewe ukipita nyuma ya nyumba kwenda kisimani na kurudi, mara mbili.

Mlipajua watu wawili, wewe na Bibi Atija. Anchia alikuwa kitandani. Siku zilipokaribia za kuhama, Bibi Atija akamshika mkono akampeleka, akamwonyesha, kati ya bafu la makuti na mpapai. Haya yote, dada, nimeyajua juzijuzi tu, Anchia aliponieleza kwa kuwa alama hizo hazipo tena. Bibi Atija alilia kidogo akanyamaza, lakini Anchia akawaza kwamba bafu litaoza na mpapai utakatwa, na atarudi hapo kwa alama gani?

Katika wale waliokuja kuhesabu mikorosho na minazi yetu kulikuwa na binti mmoja wa kijiji cha Mute, Fatima, mpole, anayejua kukaa na watu. Anchia akamvuta pembeni, akamwambia kama mwanamke anavyomwambia mwanamke. Fatima akaitia ile programu katika simu ya Anchia, wakasimama pamoja pale mahali, akabonyeza. Pakawa na nukta moja na bendera. Akamwambia, "Hata usipojua kusoma, dada, ukirudi huku fuata bendera." Anchia akaifunga na hakuifungua tena. Wala hakuniambia, kwa kuwa si jambo la kuambiwa mwanamume. Bibi Atija akafa hapa Quitunda hata mwaka wa kuhama haujatimia, akiwa na moyo mtulivu kwamba mambo yako salama.

Wiki mbili zilizopita pakatoka tangazo msikitini. Mwenye kaburi lililo nje ya makaburi ya kijiji cha zamani aende akalionyeshe, lizungushiwe uzio au lihamishwe kwa utaratibu wa dini, kabla mashine hazijafika upande ule. Nilipolisikia nilidhani halinihusu. Nikarudi nyumbani nikamkuta Anchia anafunga kanga ya kutokea.

"Nnataka kwenda," akaniambia. "Na weye uje unishikie mtoto. Lakini utakaa mbali."

Hapo ndipo nilipofahamu kwamba ni kwa ajili ya yule mtoto wetu wa kwanza. Nikambeba Zaituni.

Tulipandishwa lori watu kama ishirini, tukavishwa vizibao vya rangi ya chungwa na kofia ngumu. Kina mama walizivaa juu ya kanga, wakachekana njiani, mmoja akasema leo tumekuwa mainjinia. Tulipofika kicheko kikakatika. Dada, hukijui tena kijiji kile. Nyumba zimelazwa, minazi imekatwa, ardhi imekwanguliwa ikawa sawa kama mkeka, na juu yake nyasi changa. Nilitafuta mlango wangu mwenyewe nikaukosa. Nilijua tulipokuwa tunaishi kwa sababu ya vitu viwili tu vilivyobaki, sakafu ya msikiti na kisima, ambacho kimefunikwa kwa bamba la zege. Nikasimama pale kisimani na Zaituni begani, nikageuza uso nisione, kama nilivyoagizwa.

Aliyekuwa na karatasi za kuandikisha alikuwa mzee wa Kimakonde, mtu wa taratibu, anamsubiri kila mtu amalize dua yake ndipo aulize. Wengine walionyesha upesi. Makaburi yao yalikuwa na mawe, au palibaki kisiki wanachokijua. Anchia akatoa simu yake kwenye pindo la kanga. Nilijizuia kutazama nikashindwa. Nilimwona anabonyeza, anasogea, anabonyeza tena. Kisha akageuka, akaja moja kwa moja mpaka niliposimama.

"Sele, ile ya bendera iko wapi?"

"Bendera gani?"

"Ya kijani. Alonitilia yule binti wa Mute, wakati wa kuhesabu miti."

Nikamshusha mtoto begani. "Niliitoa," nikasema. "Ilikuwa haifunguliwi."

Hakupaza sauti. "Ulitaka niwe naifungua kila wiki?" akaniuliza. "Kaburi hufunguliwa?"

Yule mzee alifika taratibu na kigingi chake mkononi. "Senhora, tuonyeshe ponto yako, mahali penyewe, tuweke kigingi." Anchia akarudi kule, akatembea hatua kumi upande mmoja, akarudi, akatembea upande mwingine. Akachuchumaa akashika mchanga. Mzee akamwambia kwa upole, "Mama, onyesha hata pa kukisia. Tutazungusha pakubwa."

"Nkikisia ntazungushia mchanga mtupu," Anchia akasema, "na yeye ntakuwa nimemwacha nje."

Akakataa kabisa. Yule mzee aliandika kitu katika karatasi yake, akasema watarudi tena upande huu Alhamisi ya mwisho ya mwezi, na hiyo ndiyo itakuwa mara ya mwisho. Baada ya hapo mashine zinaingia.

Nimefanya nililoweza, dada, usidhani nimekaa kulia. Siku ileile niliipakua upya ile programu. Ilikuja safi kama sahani iliyooshwa. Niliichokonoa mpaka vidole vikaniuma, nikawauliza mafundi wenzangu wa Palma, na wote waliniambia nilichokuwa nakijua, kwamba alama ilikuwa ndani ya simu tu, haikutumwa popote. Nikasema basi nimtafute Fatima mwenyewe. Barabara ya Mute siku hizi si ya kwendea matembezi. Watu wanasafiri roho mkononi kwa habari zinazosikika za vijiji kuvamiwa, na ukiona gari limesimama mbele unaanza kusoma shahada. Niliondoka asubuhi na lori la mihogo bila kumwambia Anchia. Mama yake Fatima alinipokea vizuri, akanipa maji, akasema binti amekwenda Pemba, ule mji wa huku, si kile kisiwa cha kwenu, kutafuta kazi, akampigia nikasema naye.

"Kaka, miye sina," akaniambia. "Mkeo aliniapisha nisiiweke kwenye mashine ya kazi. Alisema hapo ni mahali pa mwanawe, si pa kampuni. Nikaiweka kwake tu."

Nilirudi nimekaa juu ya magunia, na njia nzima nilikuwa nawaza kwamba mke wangu alifanya kila kitu sawasawa. Alimwamini mtu wa kuaminika, akaapisha, akanyamaza, akaitunza. Kitu alichokosea ni kulala nyumba moja na fundi.

Ungetegemea nikwambie tunagombana. Hatugombani. Anaamka, ananisalimia, ananiwekea chai, ananiuliza kama nitarudi mchana. Lakini simu yake sasa inalala kwenye pindo la kanga, na ilipojaa tena juzi aliipeleka kwa kijana wa mtaa wa tatu, mwanafunzi wangu mwenyewe niliyemfundisha kazi. Hilo limeniuma kuliko angenitukana. Mtaa mzima umeona. Mtu mmoja akanitania pale mezani, "Fundi, mkeo kakuhama?" Nikacheka naye, nikainama kwenye kazi yangu.

Na kazi yenyewe imebadilika mkononi mwangu. Sasa mtu akileta simu iliyojaa nazishika programu moja moja, namuuliza, hii alikutilia nani? Ya nini? Unataka itoke? Wanachoka nami. Wanasema Sele amekuwa hakimu. Wiki iliyopita alikuja mama mmoja mjane, simu yake haina nafasi hata ya ujumbe. Nikakuta programu ya kurekodi sauti, haijaguswa tangu mwaka juzi. Nikamwuliza. Akasema, "Hiyo iache, baba. Mna sauti ya marehemu mume wangu, ananiita nimpelekee maji ya kutawadha." Rekodi moja tu, na mwenyewe haisikilizi, anajua tu kwamba ipo. Kwa sheria yangu ya zamani ningeitoa kabla hajakaa kwenye kiti.

Kwa hiyo ukiniuliza programu yenye faida ni ipi, sina tena jibu la harakaharaka. Zile nilizokutajia juu zitakufaa. Lakini usimruhusu mtu akuchagulie nyuma ya mgongo wako, hata akiwa fundi, hata akiwa mimi. Na kitu kikiwa kikubwa kwako, usikiache ndani ya simu peke yake. Kiandike pia kwenye karatasi, au mwambie mtu unayemwamini. Simu ni kitu cha kudondoka, na cha kufutwa na mjinga.

Sasa nije kwenye shida yangu. Bibi Atija hayupo. Anchia alionyeshwa mara moja tu, na alama alizoonyeshwa hazipo. Umebaki wewe. Wewe ulichota maji, ukatoka kisimani ukaenda mpaka pale, mara mbili, na ndoo mkononi, na mtu aliyebeba ndoo iliyojaa huzijua hatua zake. Kisima kipo. Anchia akisimama juu ya lile zege ukamwambia ageuke upande gani na ahesabu hatua ngapi, atafika.

Usiniambie mimi. Nimelifikiria sana. Ningeweza kukuomba uniandikie, nikaenda na kamba ya kupimia na nikamaliza kazi kwa siku moja, na labda wengine wangesema mila za wazee zimepitwa. Lakini nimeshaingia mahali pasipo pangu mara moja kwa kidole kimoja, sitaingia tena kwa miguu miwili. Mwambie Anchia. Namba yake ni ileile. Ifungue ile ya ujumbe, bonyeza alama ya kinasa sauti na usiachie kidole mpaka umalize, kisha useme polepole yote unayoyakumbuka, jua lilikuwa wapi, mlango wa nyuma ulikuwa mkono gani, mpapai ulikuwa mbele yako au ubavuni. Fanya hivyo ukiwa chumbani na mlango umefungwa, si mbele ya kikombe. Itume kabla ya ile Alhamisi. Bi Rukia anakaa Mtwara siku nne, na barua hii ukiipata yeye bado yupo, una muda wa kukumbuka vizuri. Ujumbe ukiingia nitamchukua Zaituni tutakwenda shamba, Anchia asikilize peke yake.

Na kama umesahau, dada, mwambie umesahau. Usimtungie ili apoe moyo. Amekwisha kukataa kuzungushia mchanga mtupu, na wewe unamjua, atasikia katika sauti yako. Naogopa sana jibu hilo, sitakuficha. Juzi nilikuwa nabadilisha kioo cha mtu nikajikuta nimesimama na bisibisi hewani, nawaza utasema nini, mpaka mwenye simu akaniuliza kama naumwa.

Nisalimie Mama, umwambie dawa ya kifua Bi Rukia ataileta safari ijayo, nimeshampa pesa ya kuinunulia. Nisalimie shemeji yangu mumeo, mwambie bado namdai hadithi ya yule ng'ombe, hakuimaliza. Tatu na mume wake, mkwe mwema aliyekununulia simu, wape salamu na shukrani zangu. Mjomba wetu fundi cherehani, mwambie kanzu aliyonishonea naivaa kila Ijumaa na watu wananiuliza alikoshona. Na yule jirani yako mama muuza maandazi anayependa kujibu simu yako kabla yako, msalimie pia, lakini barua hii usimwonyeshe.

Kuna jambo moja tu naomba unijibu mimi, tena nyuma ya karatasi hiihii, kwa neno moja, umpe Bi Rukia anirudishie. Mahali sikuulizi. Nakuuliza alikuwa wa kike au wa kiume. Siku ile kibarazani hakuna aliyetuambia, na mimi niliona aibu kuuliza mbele ya wajomba, halafu siku zikapita, halafu ikawa imechelewa. Kumwuliza Anchia sasa siwezi, haki hiyo nimeipoteza. Lakini akipatikana Alhamisi ile, yule mzee ataandika jina kwenye kigingi, na nataka mwanangu awe nalo, nimpe mimi baba yake.

Mdogo wako,
Selemani